Sauti ya Dada Kwenye Simu

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Huku wazima, ila usingizi hatuna. Wale wanunuzi wamekubali, mwezi huu wanaichukua kampuni yote. Nani angeamini? Tulianza kubetisha watu mtandaoni kwenye chumba chako cha kushonea, wewe ukitusimamishia cherehani ili tusikie simu za wateja.

Nina ombi. Ule ujumbe uliotusomea siku zile, "Tumekukumbuka, rudi, bahati yako inakungoja," bado ndio anaopigiwa kila mteja anayeacha kucheza. Nusu yao hurudi. Wanunuzi wanautaka upya, kwa mitambo ya kisasa. Njoo studio Jumatatu, gari litakufuata.

Nasikia shemeji bado hajulikani aliko. Pole, dada. Wanaume wengine hawana msimamo.

Mdogo wako

5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, mama kikohozi kimepungua na anakusalimu sana.

Nitakuja. Ila usikae studio, maana ukinikodolea macho nitacheka kama siku ile ulipojificha chini ya meza ya kukatia nguo. Niachie fundi wa sauti tu.

Shemeji yako alikuwa ameacha kubeti, ulijua? Alikuwa amerudi kwenye useremala wake, anaimba akipiga randa. Halafu simu ikaita. Basi, tuyaache.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Nguvu za salamu sina. Umenifanya nini?

Jana ujumbe wako ulitumwa kwa wateja wote kwa mpigo. Wanunuzi wamekaa mezani kwangu, nami kwa kiherehere nikaweka simu kwenye spika wausikie. "Mimi ni dada wa mwenye kampuni hii. Sauti yangu ndiyo iliyomrudisha mume wangu mchezoni. Akauza vifaa vyake vya kazi, akauza kitanda, kisha akashindwa kunitazama usoni, akaondoka. Wewe usirudi. Bonyeza tisa, akaunti yako ifungwe."

Tisa tuliificha mwisho kabisa wa orodha ya namba za kubonyeza, pasipofikiwa na mtu. Sasa wamebonyeza mpaka mitambo imezima. Wanunuzi waliondoka, chai yao hata hawakuimaliza. Sina kampuni, dada. Sikuusikiliza kabla kwa sababu ni wewe.

Ungeniambia tu, ningeifunga akaunti ya shemeji siku hiyo hiyo. Mimi si damu yako?

Mdogo wako

22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Mama mzima. Mimi pia mzima, na sikuombi msamaha. Nilitaka uumie, na nimefurahi umeumia.

Fundi wa sauti ndiye aliyeniambia kuhusu tisa. Usihangaike kumfukuza, ameshaacha kazi. Nilipomaliza kusoma akaniuliza kama nataka kurudia. Nikamwambia hapana.

Unasema ningekuambia. Nilikupigia. Wiki ile alipouza randa na misumeno nilikupigia kila siku. Simu yako ya mkononi haikupokelewa, nikapiga ofisini, ikapokelewa na mashine. Nikasimama jikoni, simu sikioni, nasikiliza sauti yangu mwenyewe ikiniambia, "Simu yako ni muhimu kwetu, tafadhali subiri."

Nikasubiri, mdogo wangu. Nilisubiri mpaka uliponiita studio.

Dada yako