Vifaranga Ambao Tusekile Hakuwasikia

Jumamosi, hapa Tunduma. Upepo umepiga tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye sufuria. Mwili ni mzima, sina shida, ila moyo haujatulia.

Leo nilimwita binti yangu Tusekile, yuko uani anachambua maharage. Nikamwita tena. Kimya. Kwetu mtoto wa kike akiitwa na mkubwa anaitika "Abee" hata awe mbali. Asipoitika, majirani wanasema mama yake hakumfunza. Basi siku zote hizi nimekuwa namgombeza, nikijua ni kiburi.

Kumbe nagombeza sikio.

Hedifoni kaletewa na shangazi yake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nami nilifurahi. Mwalimu wa kwaya anawatumia nyimbo kwenye simu, na Tusekile anajifunzia pale kibandani tunapouza maharage. Sasa pale malori yanapanga foleni ya kuvuka, yananguruma na kupiga honi kutwa. Ili amsikie mwalimu, anaongeza sauti. Lori likiondoka, hapunguzi.

Leo nikataka kujua, hivi mle ndani mkoje? Nikazivaa. Jamani! Nilizing'oa kama nimeng'atwa na siafu.

"Mama nawe! Hiyo sauti mbona ndogo tu," akanicheka.

Ndogo!

Tukiwa bado tunabishana, kwenye tenga la kuku anayeatamia nyuma ya mlango, vifaranga wakaanza kulia. Vile visauti vyao vyembamba, pii, pii. Nikasema, haya, wametotolewa! Tusekile akatazama huku na huku.

"Umejuaje, mama? Mbona kimya?"

Nikadhani ananitania. Akaenda mpaka kwenye tenga, akainama kabisa, ndipo akawasikia. Akaniambia polepole kwamba akilala masikio yake hulia wiii, na alidhani kila mtu yuko hivyo.

Hakucheka tena. Wala mimi.

Sijasoma sana. Sijui kama sikio likichoka linapumzika likapona, au ndiyo limekwenda. Natamani kujua. Mbona sauti ya mtu anaipata akiwa karibu, ya kifaranga inampita? Na wale vijana wa bodaboda wenye waya masikioni kutwa, mama zao wanajua?

Jumatatu tunaenda hospitali apimwe. Hedifoni kaziweka kabatini mwenyewe, sikumwambia. Nyimbo atajifunzia nyumbani, simu ikiwa mezani, na sauti ndogo. Nami nitazijua kwa lazima, nyumba yenyewe vyumba viwili.

Sasa hivi yuko jikoni anasonga ugali, huku anaimba. Nimemwita kwa sauti yangu ya kawaida, sikupaza.

Mwiko unagonga sufuria.

Labda ni kelele za mwiko tu. Ngoja aepue, nimwite tena.