Milioni Sitini na Tano za Mama Eunchan

Jumanne, 5 Novemba

Nyumba yetu ya zamani inauzwa! Ile ya ghorofa ya tatu, juu ya duka la kinyozi, nilikokulia na marehemu mama. Dalali Pyo kabandika tangazo dirishani kwake. Nimesimama pale na Danbi mgongoni mpaka miguu ikafa ganzi. Won milioni themanini. Sisi tuna kumi na tisa.

Nimekumbuka ukuta wa jikoni ukitoa jasho, mama akichemsha supu ya majani ya figili. Na sakafu ya moto, ile inayopashwa kwa chini — pembeni pale palipopata joto zaidi alinilaza mimi. Yeye alilala upande wa mlango.

Jumatano, 6 Novemba

Dalali kanicheka. "Mama Danbi, kumi na tisa zinatosha na chenji inabaki!" Mpangaji aliyemo kaweka amana milioni sitini na tano, kwa hiyo halipi kodi ya mwezi. Anayenunua anamrithi yeye na amana yake, nayo inakatwa kwenye bei. Sisi tunatoa kumi na tano tu. Bei ikipanda tunauza, Danbi anasoma.

Danbi alipolala nikapiga hesabu. Zinazoingia: sitini na tano. Zinazotoka: kumi na tano, na moja na nusu ya ushuru na dalali. Tumetajirika! Mume wangu Gyeongtae aliporudi kutoka kazini, kachungulia begani kwangu, akacheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, hizo sitini na tano ni zako tangu lini? Hilo ni deni limevaa suti."

Nimenuna. Lakini kweli. Mpangaji akihama anadai zote, siku hiyohiyo.

Alhamisi, 7 Novemba

Hesabu upya. Mkataba wake umebaki miaka miwili. Nyumba kama ile siku hizi mpangaji mpya anaweka hamsini na tano, si zaidi. Pengo: kumi. Tukijibana, laki tatu kila mwezi — kwa miaka miwili, milioni saba na laki mbili. Bado karibu tatu. Na vijisenti tutakavyobakiza vitaliwa na boila la kule la kupasha sakafu, tangu enzi za mama linanguruma kama mzee mwenye pumu.

Nikaandika: *labda bei itapanda*. Kalamu haikatai kitu.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumekwenda kuiona. Msumari wa mama bado upo dirishani! Kila msimu kama huu alitundika matunda ya persimoni yakauke, nami nikiyaminya kwa siri. Sasa umetundikwa soksi za mtoto.

Mpangaji ni Mama Eunchan, mdogo kuliko mimi. Dalali akisifia jua la dirishani, yeye akaninong'oneza: "Dada, ukinunua wewe, siku ya kuhama nitapata changu?"

Nikasema, "Usijali."

Usijali! Ndivyo alivyotuambia mwenye nyumba wetu, mimi na mama, tulipohama pale. Sufuria ya wali ndiyo hutangulia kuingia nyumba mpya, ndiyo desturi. Yetu ilikaa mapajani mwa mama majira yote ya baridi, chumba cha nyuma kwa rafiki yake mshonaji. Amana haikurudi. Nyumba ya kuitanguliza haikuwapo.

Jumapili, 10 Novemba

Dalali anapiga simu tangu asubuhi. Kuna mnunuzi wa Seoul, hataki hata kuja kuangalia. Nitume milioni moja ya kuishika nyumba, leo, kabla ya chakula cha jioni.

"Wewe ndiye uliyelala pale," kasema Gyeongtae, anamlisha Danbi uji. Yaani niamue mimi.

Naitaka ile sakafu! Nataka Danbi alale pale penye moto — kumbe hata nikinunua hatalala yeye. Atalala Eunchan.

Nimepokea simu. Nikauliza, huyo wa Seoul kauliza lolote juu ya mpangaji?

Dalali: "Mama Danbi, yanakuhusu nini hayo? Unatuma au hutumi?"

Nimemwambia asubiri. Simu iko hapa mezani, haijakatwa, namsikia anakunywa kitu. Nimezifuta sitini na tano, nikaziandika upande wa deni. Mbele yake nimeandika jina: Mama Eunchan. Chini yake, laki tatu. Nazigawa upya, nione kama pengo lake litazibika. Nikiacha ile kahawa ya Jumamosi, na Gyeongtae akikubali kwenda kazini kwa miguu —