Jino la Kijivu Haling'olewi

Alhamisi, Kiegeani. Mvua imetuchezea tangu asubuhi: tukianua mwani inakata, tukianika inarudi. Mimi na mwani, sote wawili hatujakauka.

Juzi nimerudi kutoka Dar kwa daktari wa meno. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilipokuwa na miaka tisa nilianguka kwenye ngazi za madrasa, jino la mbele la juu likavunjika. Baadaye likafa ndani, ufizi ukatunga usaha. Kumbe jino la ukubwani huchomoza kwanza, mzizi wake huja kumalizika miaka kadhaa mbele. Langu lilikufa mzizi ukiwa nusu, kuta nyembamba kama ganda la yai, ncha wazi.

Badala ya kuling'oa, daktari alilisafisha ndani, akatia dawa. Niliporudi akachokonoa makusudi kule nchani mpaka damu ikajaa ndani ya jino, akaiacha igande, akafunika kwa saruji ya meno. Kwenye damu ile, alisema, huenda mwili ukajenga kilichobaki. Mama aliona tumevuka bahari kwenda kutobolewa na kurudi na jino lilelile. Hakukosea sana.

Sasa mimi ni mtu mzima, karibu naolewa. Je, mzizi umekua?

Nusunusu.

Kusoma eksirei nimejifundisha mwenyewe, kwa kutazama uso wa daktari kuliko picha. Akinyamaza, kuna jambo. Safari hii alinyamaza, kisha akanionyesha. Lile doa jeusi la usaha limekwisha, mfupa umejaa. Ncha ya mzizi imejifunga. Lakini mzizi ni mfupi kuliko wa jino la jirani, na shingoni, karibu na ufizi, kuta bado nyembamba. Akaniwekea pamba yenye baridi kali aone kama nasikia. Sikusikia kitu. Nusura nidanganye kwamba nasikia, maana uso wake ulikuwa unaniombea.

"Limepona, dada, ila halijakamilika," alisema. "Litakaa. Usilifanyishe kazi, na kila mwaka tulitazame."

Rangi yake ni kijivu, alama ya ile dawa ya mwanzo. Mimi nimeshaizoea.

Shangazi hajaizoea. Harusi yangu ni baada ya Ramadhani, naye ameshanipangia miadi Jumamosi, hospitali ya Kilindoni, ling'olewe, nitiwe la bandia jeupe. Mchumba mwenyewe hajalalamika. Hakuulizwa.

Leo tulikuwa bandani tukifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Huku kwetu fundo la uzi hukazwa kwa meno: mikono yote miwili imeshika, jino linavuta. Kila mwanamke anafanya hivyo, wala hajui kama anafanya. Ghafla nikashtuka uzi uko mdomoni mwangu, kwenye jino lilelile, nimeshakaza mafundo sijui mangapi.

Miaka yote nilidhani adui ni usaha.

Nikatema uzi, nikapapasa kwa ulimi. Lipo.

"Unaona?" Shangazi akadakia kutoka kwenye kamba yake. "Jino gani hilo la kutazamwa tu! Ling'oe, mwanangu, bwana harusi asije akadhani kaozeshwa bibi kizee."

"Hili ni kama matumbawe ya hifadhi, shangazi. Kutazama ruhusa, kung'oa marufuku."

Banda zima likacheka. Hata yeye, ingawa alijitia kukohoa. Kisha akasogea, akauliza taratibu: "Na likivunjika?"

Linaweza kuvunjika, daktari hakunificha. Lakini la bandia lipo tu, litanisubiri hata nikiwa na wajukuu. Hili nikiling'oa halina marejeo. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaguna, akarudi kwenye kamba yake.

Mchana nimepiga simu Kilindoni, nimefuta miadi.

Sasa nakaza mafundo kwa vidole, wenzangu wameniacha mbali. Nimewaomba wanichape mkono wakiniona napeleka uzi mdomoni. Wamekubali haraka mno. Wawili wameshanichapa bila kosa, na mmoja wao ni Shangazi.

Litafika na mimi uzeeni? Sijui, na daktari naye hajui. Ila mimi nimeshaamua kwenda nalo.