Rangi Aliyoiona Adventina Kabla Yangu

Baba Kabula,

Jana nilikwenda shuleni kwenu kudai taa yangu. Nasema yangu kwa sababu kila mtu pale anaiita taa ya maabara, na wewe hupo kuwasahihisha.

Unakumbuka ilivyofika nyumbani. Watu binafsi waliporuhusiwa kuuza dola, tajiri akafungua lile duka la kubadilisha fedha pale Mirongo, nami nikaajiriwa kukagua noti chini ya taa ya mwanga wa zambarau. Aliponunua mpya akanipa ya zamani. Nilikuletea wewe, mwalimu wa kemia, nimeifunga kwenye khanga, ukafurahi kuliko siku uliyonioa. Nilidhani tutaiwasha nyumbani, wewe na mimi na mtoto. Kesho yake ukaipeleka shuleni, na tangu hapo Jumamosi zangu zikawa za Mwalimu Adventina, mwenzako wa maabara.

Ulinieleza, sikatai. Ulisema mnapika unga wa shaba, kwa mrututu aliokuja nao kutoka kwao Bukoba, ule wenye shaba wanaopulizia kahawa, na iodini, na dawa moja inayonuka kama samaki aliyeanza kuharibika. Ukiutazama hivi hivi ni unga mweupe tu, lakini chini ya taa unawaka buluu. Ukipata mvuke wa thina, ile ya kuzimulia rangi ya magari, unageuka njano bila kuguswa na mtu. "Mvuke unaingia kati ya chembe, Mama Kabula. Shaba inajipanga upya, basi inatoa mwanga mwingine." Ulikuwa unaongea huku ugali unapoa. Nikakuambia nataka kuona. Ukasema, "Utaona, ngoja kwanza uwe unageuka vizuri." Nikangoja. Adventina hakuambiwa angoje.

Halafu homa ikakupanda kichwani, ukaondoka kabla ya mvua za vuli.

Hili sijamwambia mtu. Siku ya maziko kule Buswelu, wanawake walikuwa wananikumbatia mmoja mmoja. Alipofika Adventina nikasikia kwenye kitenge chake ile harufu ya samaki. Harufu ya mashati yako. Nimeyafua kwa sabuni na ndimu, nimeyaanika juani, haikutoka, mwisho nikaizoea nikasema ndiyo harufu ya mume wangu. Kumbe mlikuwa wawili. Nilimsukuma. Watu wakadhani uchungu umenizidi, wakanikalisha kwenye mkeka.

Kabula ameng'oka meno ya mbele, na ameanza kuandika herufi zake kwa kulalia upande, kama zako. Masanja, mdogo wako, kazi imemzidi kule Igoma. Magari ya mtumba yanaingia, kila mwenye gari anataka lake lipakwe rangi upya, naye anapuliza ndani ya kile chumba kisicho na dirisha. Jioni kichwa kinamuuma mpaka anatapika. Ukimwambia ni ile thina, anasema ni jua.

Basi, jana. Adventina aliniamkia, "Shikamoo, dada." Nikaitikia shingo upande, nikamwambia nimefuata taa. Hakubisha. Alianza kuviringisha waya, akasita, akaniuliza kama nimewahi kuuona unga ukigeuka. Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema hapana.

Akafunga mapazia. Akachukua kipande cha karatasi kilichopakwa unga, akakiweka chini ya taa, kikawaka buluu. Akakishikilia juu ya mdomo wa chupa ya thina. Njano ikaanzia pembeni, ikatambaa polepole mpaka ikaimeza buluu yote. Ilikuwa nzuri, Baba Kabula. Uzuri wenyewe ndio ulioniuma, maana nilielewa kwa nini ulikuwa unachelewa.

Nikamuuliza, "Siku ya kwanza ilipogeuka, alifanya nini?"

Akafunika chupa ya thina. "Alicheka," akasema. "Akanishika mkono, akauachia."

"Basi?"

"Basi, dada. Akasema sasa tutengeneze karatasi za Masanja, aone kwa macho yake hewa anayovuta."

Hukunitaja. Nilingoja atie jina langu hapo, angalau kunionea huruma, lakini Adventina hakudanganya. Ndiyo maana nimemwamini kwamba mkono uliachiwa. Nimemwamini, na wivu uko pale pale. Ule mkono ningeushika mimi. Kile kicheko ningekisikia mimi.

Nikachukua taa, nikafika mlangoni. Nikarudi nikamwambia achukue karatasi zake, kesho twende wote Igoma.

Leo tumekwenda. Masanja alikuwa amemaliza kupuliza mlango wa gari. Tukazimulika kwanza karatasi kwa taa nje, chini ya khanga yangu, akaona buluu. Tukazitundika ukutani ndani ya chumba chake, tukatoka kunywa chai. Tuliporudi tukawasha taa tena, zote zilikuwa njano, hata ile iliyokuwa karibu na mlango. Masanja alizitazama moja moja.

"Kaka alikuwa anajua?"

"Alizitengeneza kwa ajili yako," Adventina akamjibu.

Masanja alitoka, akarudi na nyundo, akaanza kubomoa ukuta wa upande wa uani. Mpaka tunaondoka alikuwa anapiga tu, vumbi limemjaa usoni, na sikujua kama analia.

Taa nimerudi nayo nyumbani. Adventina nimemwambia aje Jumamosi na vifaa vyake, anifundishe kuupika huo unga, madirisha yakiwa wazi, mtoto akiwa kwa bibi yake. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aje kabla sijabadili mawazo.

Sikuahidi kwamba nitampenda, mume wangu. Nakuahidi nitampa kiti na chai, na nikiona moyo umeanza kuchemka nitatoka nje kidogo, kisha nitarudi ndani kuendelea na kazi. Lala salama. Mvua zikikata nitakuja Buswelu kukupalilia majani.

Mkeo,
Mama Kabula