Mawe Uliyoyapaka Njano

Kitinda mimba wangu,

Huku hatujambo, kuku wanataga. Ile njia yako fupi ya msituni hujaa watu kila Jumapili, hata wenye watoto mgongoni, na kila ninayepishana naye namwambia, "Mwanangu ndiye aliyeyapaka haya mawe njano!" Wakinichoka, shauri yao.

Baba yako bado naenda naye. Nyumbani hata mlango wa choo humpotea, lakini kule huyafuata mawe yako hadi kwenye benchi bila kushikwa mkono. Jana tulipokaa akauliza, "Nani kayapaka haya?"

"Binti yako."

Akacheka. "Wewe mama, mimi sina binti. Ila wazazi wake wamebahatika."

Njoo, mwanangu, angali anaijua njia.

Ni mimi mama yako, nisiyechoka kukutaja.