Kirikuu Kinasita kwa Nani?

Chole, Kisarawe
3 Juni 2024

Mwanangu Maulida,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama yako kelele zimeongezeka, kwa hiyo ana afya. Wewe na gereji yako hapo Sofu mnaendeleaje?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Kirikuu, kigari changu cha mizigo, kinasita. Nikikanyaga mafuta kinalegea, halafu kinaruka ghafla. Si kila mara. Juzi nimempakia Hamisa, binti wa jirani, ana uchungu, katikati ya mlima kikasita, lori nyuma linapiga honi, mtoto wa watu analia. Tulifika hospitali akajifungua salama, lakini niliogopa. Hizo plagi ulizonifungia ni za kweli?

Mama yako ananicheka. Jana nimerudi kutoka msikitini na ndala moja, ya kulia imebaki njiani sijui wapi. Uzee huo!

Baba yako,
Bilali

Sofu, Kibaha
9 Juni 2024

Shikamoo baba,

Mimi mzima, kazi zipo. Plagi ni za kweli, usinitafutie ugomvi. Niambie: kinasita asubuhi injini ikiwa ya baridi, au hata mchana? Tanki likiwa tupu, au hata likijaa? Halafu mwachie jirani yetu Jabiri aendeshe wiki nzima, mlima uleule.

Mwanao,
Maulida

Chole
20 Juni 2024

Marahaba mwanangu,

Tuko salama. Asubuhi kinasita, mchana kinasita, tanki likijaa kinasita. Lakini Jabiri kapanda mlima wiki nzima na mihogo yake, hakijasita hata mara moja. Kinafiki kikubwa hiki! Jana nimeshika usukani mimi, hatujafika hata barabarani, kikasita. Nimeendesha magari ya serikali miaka thelathini sijaaibishwa hivi. Njoo ukitazame.

Baba yako

Sofu
24 Juni 2024

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisoma, nikalia. Kirikuu ni kizima. Kinachosita ni mguu wako wa kulia. Mtu haachi ndala njiani asijue, baba. Mzee Didas, jirani yangu hapa, alianza hivyohivyo, mguu umekufa ganzi, kumbe ni ugonjwa wa sukari. Alichelewa kwenda kupima, akakatwa mguu.

Nakuomba kitu kimoja. Kaa mkekani, fumba macho, mama akuguse nyayo kwa unyoya wa kuku. Ukihisi, sema. Usipohisi, ufunguo mpe Jabiri, usije ukaua watu.

Mwanao anayekupenda,
Maulida

Chole
1 Julai 2024

Marahaba mwanangu,

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikakaa mkekani, nikuoneshe kwamba wewe ni fundi magari, si daktari. Nikafumba macho, nikangoja. Nikamwambia mama yako, "Haya, gusa basi, mbona unanichelewesha?"

Kufumbua macho, namwona analia, unyoya mkononi. Alikuwa ameshagusa mara tatu.

Kesho tunakwenda hospitali, anaendesha Jabiri. Mimi nitakaa pembeni, na sitamfundisha.

Plagi zako ni nzima. Nisamehe.

Baba yako,
Bilali