Mama Ameiogesha Miti

Ijumaa, mwisho wa Julai. Baridi kali, upepo tangu alfajiri. Nimevaa masweta mawili na bado sijapata joto. Au labda si baridi. Tangu mchana nina ganzi, mwili na roho.

Niandike tu ilivyokuwa.

Kesho saa nne watu wa mazingira wanakuja mtaani kuamua kama matanuri ya matofali yaliyo nyuma ya nyumba ya Mama yahamishwe. Nimewasumbua miaka miwili. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sina mashine ya kupima hewa. Nilichonacho ni likeni, yale madoa ya kijivu na kijani yanayoota kwenye magome ya miti. Moshi ukizidi, hufa. Kwenye miparachichi minne ya Mama, upande unaotazama matanuri gome lilikuwa tupu, upande wa pili madoa yamejaa. Mti mmoja, pande mbili. Hata asiyejua kusoma angeelewa.

Daftari langu la hesabu za madoa walilikataa. Mwenyekiti wa mtaa alisema, "Mwalimu, hilo umeandika mwenyewe. Tutakuja kuiona hiyo miti."

Leo baada ya vipindi nikapita kwa Mama kuhakikisha mambo yako sawa. Miti yote minne ilikuwa myeupe, imepakwa chokaa kutoka chini mpaka juu ya kichwa changu, kama tunavyopaka parokiani askofu akija. Chini kulikuwa na brashi ya chuma na vumbi la magome.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeona nilivyoiogesha miti yako?" Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kifua kikipanda na kushuka. "Ilikuwa na mba, mwanangu. Wageni wa serikali waje wakute miti ina mba, si watakucheka?"

Nikamwambia imependeza.

Kosa ni langu. Miaka miwili nazunguka miti yake na kipande changu cha nailoni chenye miraba ya kupimia, nahesabu madoa, sijawahi kumweleza natafuta nini. Nilidhani hataelewa. Mwanamke aliyenisomesha kwa ulezi na mahindi! Nilimwambia tu kwamba Jumamosi kuna wageni wanakuja kuangalia miti. Naye akafanya ambacho angefanya mama yeyote wa huku mwenye wageni.

Likeni huchukua miaka kuota upya.

Nilitegemea kukasirika, au kulia. Wapi. Nikaosha brashi, nikamwaga chokaa iliyobaki. Akaniambia alianza kazi saa mbili asubuhi, kila mti anapumzika mara tatu nne, kwa sababu siku hizi pumzi haimfikishi mbali. Alisema hivyo kama anavyosema sukari imekwisha.

Nikajaribu kukumbuka ilianza lini. Madoa ya mti wa tatu naweza kuyataja mwezi kwa mwezi. Kuhusu pumzi ya Mama sijawahi kuandika hata mstari mmoja.

Kesho wakiuliza ushahidi uko wapi, umebaki huo tu, pumzi ya Mama. Nimwombe atembee kutoka mlangoni mpaka barabarani, wageni wamtazame, wahesabu anasimama mara ngapi? Atavaa kitenge chake kipya, akidhani anawapokea.

Hapana. Saa moja asubuhi nitakuwa kwake, nimweleze yote, na yeye ndiye atakayeamua.